Ngozi ya Boti ni Mtaji wa Chama: Somo la Kutunza Boti za Faiba



Mwezi wa Julai nilikwenda kukagua chama kimoja cha wavuvi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Vitabu vyake vilikuwa safi. Stakabadhi zilifuatana kwa namba, fedha taslimu zilikubaliana na daftari, na marejesho ya mkopo wa boti yalikuwa hayajachelewa hata mwezi mmoja. Nilikuwa nimekwisha funga mkoba wangu wakati mzee mmoja, mwanachama wa tangu chama kilipoanzishwa, aliponiomba twende ufukweni. Akapitisha kiganja chake ubavuni mwa boti ya chama, kisha akanionyesha. Kiganja kilikuwa cheupe kana kwamba ameshika chaki ya shule.

“Bwana Mkaguzi,” akasema, “boti hii inavua nguo kidogo kidogo. Katika vitabu vyako jambo hili limeandikwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Mwaka uliotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika katika taarifa yangu neno moja tu mbele ya mali hiyo: “Nzima”. Nilikuwa nimetazama injini, nikahesabu majaketi ya kuokolea maisha, nikapita. Somo hili ni njia yangu ya kumjibu yule mzee, na naomba makatibu walisome mbele ya Bodi na mbele ya wanachama, hasa katika vyama vya Kyela, vya Ludewa, na vile vinavyovua katika bwawa la Mtera.

Jambo lenyewe si dogo siku hizi. Boti za faiba zimeanza kuchukua nafasi ya mitumbwi na mashua za mbao. Serikali nayo imezikopesha kwa wavuvi bila riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, kama ilivyoonekana jijini Mwanza mwezi Januari 2024. Mkopo usio na riba ni mkopo vilevile. Boti ikifa kabla ya deni, deni halifi pamoja nayo.

NGOZI HIYO NI KITU GANI

Boti ya faiba hutengenezwa kuanzia nje kwenda ndani. Fundi huwa na kalibu kubwa yenye umbo la boti. Kwanza hupaka ndani ya kalibu hiyo rangi nzito iliyo laini na isiyo na nyuzi, ambayo mafundi huiita jelikoti. Inapoanza kushika, ndipo hulaza juu yake vitambaa vya nyuzi za kioo na kuvilowesha kwa gundi iitwayo rezini, tabaka baada ya tabaka, hata boti ipate unene na nguvu. Boti ikitolewa katika kalibu, ile rangi iliyotangulia ndiyo inayokuwa ngozi ya nje, nyororo na yenye kung'aa.

Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Aghalabu unene wake ni kama nusu milimita, yaani kadi mbili za uanachama zikibanwa pamoja. Nguvu ya boti imo katika vitambaa; jelikoti kazi yake ni kuvilinda visikutane na jua wala maji. Wanaojua vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyouzwa hapo Matema, wataelewa upesi. Mtungi wa udongo usiopakwa kitu hutoa jasho, kwa maana maji hupenya polepole katika vitundu vyake visivyoonekana. Kwa mtungi hilo ni jema, maji hupoa. Boti ambayo ngozi yake imeliwa nayo huwa kama mtungi, ila jasho lake huenda ndani.

ADUI ZAKE

Adui wa kwanza ni jua. Miali yake hukata viungo vya rezini iliyo juu, ikawa unga. Huo ndio ule weupe wa kiganjani. Boti nyekundu na za buluu huonyesha mapema, kwa sababu rangi yake hupauka. Boti nyeupe huficha ugonjwa, na kwa hiyo huhitaji jicho kali zaidi. Nasi tuna desturi inayolisaidia jua. Kati ya Mei na Agosti, upepo mkali wa kusini, ule ambao ndugu zetu wa Malawi huuita mwera, huchafua ziwa, na boti hukaa nchi kavu siku nyingi. Mvuvi mwenye mtumbwi wake wa mti hujua kuufunika usipasuke. Boti ya chama huachwa wazi, kwa kuwa ni ya wote.

Adui wa pili ni maji yenyewe. Wako wanaosema kwamba sisi tuna bahati kwa sababu ziwa letu halina chumvi. Kwa chuma ni kweli, kwa faiba ni kinyume. Ndani ya tabaka za boti hubaki chembechembe za kemikali ambazo huvuta maji kuzielekea, na maji yasiyo na chumvi huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko ya bahari. Uvuguvugu huharakisha jambo hilo, na maji ya Nyasa ni ya uvuguvugu. Maji yakishaingia nyuma ya ngozi huungana na chembe hizo yakawa tindikali, yakajikusanya, yakasukuma, na ngozi ikatoka malengelenge. Ukilitoboa lengelenge kama hilo, maji yake hunuka kama siki. Tena Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote nchini, hivyo boti isiyofunikwa huloweka kutoka ndani kama inavyoloweka kutoka nje.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Tunaiburuta boti juu ya mchanga na kokoto bila magogo ya kuiviringishia. Tunaisugua kwa mchanga na majivu kama sufuria, tukidhani tunaisafisha, kumbe kila tunapopita tunaondoa sehemu ya ile nusu milimita. Tunaacha damu ya samaki na petroli vikauke humo. Katika mwambao wa Ludewa wenye mawe, nimeona boti ya miaka michache ambayo mkuku wake umelika hata nyuzi zinaonekana, ilhali ubavu wake ungali unang'aa. Boti ile haikuhitaji polishi. Ilihitaji vipande sita vya magogo na watu wanane wa kuinua.

KUPIMA KABLA YA KUGUSA

Msikimbilie msasa. Boti na ioshwe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ikauke, ndipo mpime.

Pitisha kiganja, utaona kiasi cha unga. Kisha mwaga maji juu ya mahali palipopauka. Rangi ikirudi pakiwa pamelowa na kupotea pakikauka, hiyo ni habari njema: jelikoti ingalipo, imechoka juu tu, na kazi ya siku mbili tatu itairudisha. Lakini mkiona mistari ya kitambaa au nyuzi, basi ngozi imekwisha mahali hapo, na hakuna nta itakayorudisha kisichokuwapo.

Halafu chukueni sarafu mgongegonge taratibu, kutoka omo hadi tezi. Mahali pazima hulia kwa sauti kavu na kali. Mahali palipoachana tabaka hutoa sauti nzito, ya bufu. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui huonyesha kwamba boti iligongwa hapo. Tazameni na upande wa ndani. Kila mlichokiona, kiandikeni pamoja na tarehe. Malengelenge mengi chini ya mstari wa maji, au sauti ya bufu katika eneo kubwa, ni kazi ya fundi wa boti. Chama kisijaribu.

KAZI YENYEWE

Wakati unaofaa ni kiangazi, na mahali panapofaa ni kivulini. Jua likipiga juu ya boti, dawa hukauka kabla haijafanya kazi.

Anzeni kwa kuondoa nta na mafuta ya zamani kwa kitambaa kilicholowa asetoni, mkibadilisha kitambaa mara kwa mara, maana kitambaa kichafu hupaka mafuta badala ya kuyaondoa. Mkiruka hatua hii, msasa utayasukumiza mafuta hayo ndani ya vitundu.

Ndipo mzibe mikwaruzo mirefu na nyufa. Ufa hupanuliwa kidogo kwa ncha kali ili jelikoti mpya ipate pa kushika. Ukipakwa juu juu utafunguka tena. Jelikoti ya kuzibia huchanganywa na hadina, aghalabu kiasi cha mililita 2 kwa gramu 100, lakini fuateni maandishi ya kopo. Hapa nataka nisimame kidogo. Chama kimoja kilileta fundi hodari wa rangi za magari kutoka Mbeya mjini. Yeye alizoea baridi ya kwao, ambako asubuhi ya Juni mchanganyiko hukawia kushika, akapima hadina kwa mazoea. Kule ziwani joto likafanya kazi yake. Dawa ikagandia koponi, moto, kabla hajaipaka nusu. Kopo zima likapotea, na madukani kwetu dawa hiyo haipatikani kila siku. Changanyeni kidogo kidogo, na siku za joto mtumie kiwango cha chini kati ya vile vilivyoandikwa.

Lipo jambo jingine linalowashangaza wengi. Jelikoti ya kawaida ikiachwa wazi hewani, uso wake hubaki unanata hata kesho. Si mbovu. Hewa ndiyo inayoizuia kukauka juu. Ifunikeni kwa karatasi nyororo ya nailoni, mkiikandamiza ili pasibaki mapovu, nayo itakauka.

Baada ya hapo unakuja msasa wa maji, na hapa ndipo boti nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Anzeni na msasa laini, namba 800 au 1000, mahali padogo pasipoonekana. Ukitosha, msiende kwenye mkali zaidi. Ikiwa boti imepauka sana, anzeni na 600, kisha 800, kisha 1000, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Msasa ufungwe kwenye kipande cha mpira au ubao, usishikwe kwa ncha za vidole, maana vidole huchimba mifereji. Maji yasikatike. Piga mistari myepesi ya penseli kabla ya kuanza. Ikifutika yote, umepita mahali pote, ondoka hapo. Kwenye pembe na kingo pita mara mbili tu, kwa sababu huko ngozi ni nyembamba na mkono huwa mzito. Mashine ya kusagia chuma isikaribie boti kabisa.

Oshani, kaushani. Sasa ni kompaundi ya kusugulia, ile ile wanayoitumia mafundi wa rangi za magari, kisha polishi. Vijana wa gereji za Mbeya na Iringa wanaijua kazi hii kuliko watu wanavyodhani, na chama kinaweza kumkodi mmoja kwa siku moja awafundishe wanachama wawili. Ila wakumbusheni mambo mawili: puti ya magari hunywa maji, kwa hiyo isitumike chini ya mstari wa maji, na mashine ya polishi isikae mahali pamoja, maana joto lake huunguza ngozi.

Mwisho ni nta. Polishi huleta mng'ao, nta huulinda. Pakeni tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikisha kusuguliwa ndipo ya pili. Kwa jua letu nta haifiki mwaka. Irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, na ni kazi ya nusu siku kwa watu watatu. Maji yakimwagwa yakajikusanya matone, nta ingalipo. Yakitandaa, imekwisha. Sehemu za kukanyaga zisipakwe hata kidogo. Mvuvi akiteleza usiku na nyavu mkononi, mng'ao hautamwokoa. Kadhalika, boti inayoshinda majini miezi na miezi haitafaidika na nta chini ya mstari wa maji. Huko inatakiwa rangi maalumu ya epoksi inayozuia maji, iliyopakwa boti ikiwa imekauka vizuri.

Na pale ambapo ngozi imekwisha kabisa? Hapo ni kupaka: kwanza rangi ya msingi ya epoksi, kisha rangi ya poliurethani ya kuchanganya makopo mawili. Ni gharama, na haina aibu. Boti iliyopakwa rangi kwa utaratibu ni bora kuliko boti iliyosuguliwa hadi nyuzi kwa ajili ya kutafuta mng'ao wa zamani.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Avaaye miwani asicheke mwenzake asiyevaa, amsimamishe kazi. Ikiingia, jicho lioshwe kwa maji safi mengi si chini ya dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja. Rezini nyingine huja na dawa ya pili ya kuharakisha. Dawa hiyo na hadina zisichanganywe zenyewe kwa zenyewe kamwe, zinaweza kulipuka. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa vikae mbali. Vumbi la faiba si la kuvuta. Ndiyo sababu nyingine ya kutumia msasa wa maji, pamoja na barakoa.

SASA TURUDI VITABUNI

Katika chama kimoja cha Mtera, nilipoyasema haya, mwanachama mmoja alisimama akaniambia: “Ndugu Mkaguzi, samaki hatazami rangi ya boti.” Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ni kweli. Lakini nilimwomba Katibu alete daftari la mali, tukapiga hesabu ubaoni.

Tuseme boti imenunuliwa kwa shilingi 40,000,000, na chama kimekadiria kwamba itatumika miaka 10. Kila mwaka tunaandika uchakavu wa shilingi 4,000,000. Boti ikioza mwaka wa 5, vitabuni kumebaki shilingi 20,000,000 za chombo kisichoelea. Hasara hiyo huingia mwaka mmoja, nayo hula ziada ya wanachama, kisha akiba, kisha hisa. Ikiwa na mkopo haujaisha, chama kitalipia kwa jasho la mitumbwi boti iliyolala nyasini. Makatibu wengi huandika uchakavu kama namba inayotoka mbinguni. Namba hiyo ni ahadi kwamba chombo kitadumu miaka mliyoiandika, na anayeitimiza au kuivunja ni yule mwenye kitambaa na nta mkononi.

Kwa hiyo napendekeza Bodi ipitishe kwa muhtasari ulioandikwa kwamba kila safari ya boti ikatwe kiasi kidogo, kabla ya kugawana, kiingie katika hesabu ya matengenezo iliyo peke yake. Isichanganywe na mafuta ya injini, maana mafuta hayashibi. Iwekwe katika mpango wa mwaka na kusomwa katika Mkutano Mkuu. Boti ipewe daftari lake, lenye tarehe ya kuoshwa, ya nta, ya kila ufa ulioonekana. Na awepo mtu mmoja mwenye jina, si “wanachama wote”. Nimekagua mali nyingi za “wanachama wote”, nazo huwa kuukuu kabla ya wakati wake. Akipewa posho ndogo, mimi kama mkaguzi sitaiuliza, maadamu imo katika muhtasari.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote ni banda la makuti au turubai. Chama kile cha Kyela nilichoanza nacho kilikuwa na turubai zuri, limeandikwa katika daftari la mali. Siku nilipofika halikuwa juu ya boti. Nilipouliza, nilionyeshwa uani kwa kiongozi mmoja, limetandikwa, na juu yake mpunga.

Chama hicho kimeanza kazi. Yule mzee ndiye aliyekabidhiwa daftari la boti, na tangu hapo taarifa zangu zina mstari mpya baada ya injini: “Ngozi ya nje”, nami huupima kwa kiganja kabla ya kuuandika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MADARASA YA USHIRIKA

Boti ya chama chenu ilioshwa lini kwa maji safi, na ni nani aliyeiosha? Ukimwaga maji ubavuni mwake leo, yatajikusanya au yatatandaa? Katika makisio ya mwaka ujao kuna shilingi ngapi za matengenezo ya chombo, mbali na injini? Marejesho ya mkopo yatakwisha mwaka gani, na kwa hali mliyoiona, boti itakuwapo mwaka huo? Na mwanachama au kiongozi akichukua turubai la boti kwenda kuanikia mpunga au kakao, sheria ndogo za chama chenu zinasemaje?